Ua refu la njano kwenye vilima vya kijivu vya Colorado: ni haradali gani, na je, majani yake yanapikwa?

Swali: Naishi Grand Junction, magharibi mwa Colorado. Kuanzia mwezi wa tano, kwenye vilima vya udongo wa kijivu nje ya mji ambako hata nyasi hazitaki kuota, hutokea mimea yenye mikia mirefu ya maua ya njano, mingine inanifika kifuani. Maua yana petali nne, kama ya sukuma wiki iliyoachwa shambani ikazeeka. Majani ni ya kijani chenye ukijivu, mazito kidogo. Jirani ananiambia ni haradali ya porini. Ni mmea gani hasa, na majani machanga yanaweza kupikwa?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza majani hayo usiyapike. Sababu nitaieleza kwa kirefu huko chini, na inahusu udongo kuliko mmea wenyewe.

Kwa jinsi ulivyoueleza, mmea wako karibu hakika ni Stanleya pinnata, ambao wenyeji wa huko huuita prince's plume. Jirani yako hakukosea kuhusu familia. Ni wa Brassicaceae, familia ya haradali, kabichi, figili na hiyo sukuma wiki uliyoitaja. Tofauti ni kwamba haradali nyingi za porini unazoziona kando ya barabara ni za msimu mmoja: zinaota, zinatoa mbegu, zinakufa. Huu wa kwako unadumu miaka mingi, na kisiki chake ndicho kinachouwezesha kuishi mahali ambapo mvua na theluji pamoja hazifiki milimita 250 kwa mwaka.

Mahali ulipouona pananisaidia kuliko rangi ya ua. Vilima hivyo vya kijivu ni mwamba laini unaoitwa Mancos, tope la bahari iliyofunika eneo hilo zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita. Ukilowa huwa utelezi, ukikauka hupasuka na kumomonyoka, na una chumvi, jasi na seleni, elementi ambayo mwili huhitaji kidogo sana na ikizidi hudhuru. Mimea michache tu huvumilia mchanganyiko huo, na Stanleya ni mmoja wao. Upande wa mashariki wa jimbo, karibu na Fort Collins, huota juu ya mwamba mwingine wa bahari, Pierre. Hupatikana pia kuanzia California na Oregon hadi Dakota, na kusini hadi Arizona, New Mexico na Texas. Ukiuona umeota kwenye mteremko mtupu wa kijivu, nusu ya kazi ya kuutambua imekwisha.

Nusu ya pili ifanye mwenyewe. Chukua rula ndogo na kioo cha kukuzia cha mara kumi. Huna haja ya kung'oa kitu.

Anzia chini, si kwenye ua

Watu wengi hukimbilia ua, kisha wanachanganyikiwa, kwa sababu maua ya njano ya petali nne ni mengi mno. Inama uangalie shina linapoingia ardhini. Stanleya pinnata ina kisiki kigumu kama cha mti, mara nyingi kimegawanyika, na mashina kadhaa yanatoka hapo hapo. Katikati yake utakuta mabaki ya mashina ya mwaka uliopita, makavu, ya rangi ya kijivu, mengine yamevunjika kwa upepo. Mabaki hayo ndiyo ushahidi wa mmea wa kudumu. Ukikuta shina moja laini lililotoka moja kwa moja kwenye mzizi mwembamba, na hakuna alama ya mwaka jana, una mmea mwingine, au mche mchanga ambao bado hauwezi kukupa jibu.

Sasa majani. Ya chini yana kikonyo na yamechanika pande zote mbili kuelekea mshipa wa kati, kama unyoya. Kadiri unavyopanda juu ya shina yanapungua upana, na ya juu kabisa mara nyingi hayajachanika hata kidogo. Pitisha kidole juu ya jani: lina utando wa nta unaofutika, na ndio unaoleta ukijivu uliouona. Tazama pia jani linaposhikana na shina. Kwa Stanleya pinnata jani lina kikonyo, halikumbatii shina. Jambo hili dogo litakuokoa baadaye.

Hapa kuna mtego mmoja. Ipo aina ya mmea huu huu ambayo majani yake yote, hata ya chini, hayajachanika. Kwa hiyo majani yaliyochanika yanathibitisha, lakini kutochanika peke yake hakukanushi. Ukikutana na mmea wa namna hiyo, acha majani uende kwenye ua.

Ua lenyewe

Chagua ua lililofunguka leo, katikati ya mkia. Maua hufunguka kuanzia chini kwenda juu, hivyo kwenye mkia mmoja utakuta maganda machanga chini, maua wazi katikati na vichomozi vya njano juu. Mkia wote unaweza kuzidi sentimita 30 na ukaendelea kurefuka wiki kadhaa.

Kwanza hesabu sepali, yaani vile vijani vinavyolifunika ua kabla halijafunguka. Zipo nne, nazo ni za njano, si za kijani kama za sukuma wiki. Ua likifunguka zinakunjika kuelekea chini. Mtu asiyejua huzihesabu pamoja na petali akapata nane, kisha anasema mmea hauwezi kuwa wa familia ya haradali. Petali ni nne zilizo ndani, nyembamba, zenye urefu wa milimita 8 hadi 20, na upana wa milimita 2 au 3 tu kwenye sehemu iliyotandaa. Ua la sukuma wiki lina petali pana zinazounda msalaba ulio wazi. Huu msalaba wa Stanleya ni mwembamba na umelegea, na kwa mbali huuoni kabisa.

Vuta petali moja taratibu na uiweke chini ya kioo. Sehemu ya chini, iliyobana kama mpini, ina vinyweleo upande wa ndani. Hii ni alama nzuri sana, na watu wachache huitafuta.

Kisha stameni, zile nyuzi zenye chavua. Karibu familia nzima ya haradali ina stameni sita zilizopangwa kwa namna moja: nne ndefu na mbili fupi. Chana ua la sukuma wiki utaona. Stanleya ina sita pia, lakini zinakaribia kulingana urefu, na zinajitokeza nje ya petali kwa mbali, zikiupa mkia wote ule muonekano wa manyoya. Vichwa vya stameni vikishamwaga chavua hujikunja kama msokoto. Mtu aliyezoea kanuni ya nne ndefu na mbili fupi akikutana na ua hili huliondoa kwenye familia. Frederick Pursh, aliyelieleza kisayansi mwanzoni mwa karne ya 19, aliliweka kwenye Cleome, upande wa mgagani. Mwaka 1818 mtaalamu wa mimea Thomas Nuttall akaliundia jenasi yake (kundi la mimea ndugu), Stanleya.

Mwisho, angalia katikati ya ua. Ovari, sehemu inayokuja kuwa ganda la mbegu, haikai juu ya kitako cha ua kama ilivyo kwa kabichi. Imeinuliwa juu ya kikonyo chake chenyewe. Baada ya wiki mbili au tatu kikonyo hicho kinaonekana hata bila kioo, nacho ndicho kinachomaliza ubishi.

Ganda la mbegu

Maganda ni membamba, ya urefu wa sentimita 3 hadi 9, upana wa milimita 1.5 hadi 3, yamepinda kuelekea chini. Pima kuanzia kwenye mkia: kwanza kuna kikonyo cha ua, kisha kovu la mahali zilipokuwa petali na sepali, kisha kikonyo cha pili, chembamba, cha milimita 7 hadi 28, halafu ndipo ganda linaanza. Vikonyo viwili na kovu katikati. Haradali za kawaida hazina hicho cha pili, au zinacho kifupi kisichoonekana. Pasua ganda lililokomaa: ndani kuna utando mwembamba unaoligawa vyumba viwili, na mbegu ndefu kidogo zimejipanga humo. Huo utando ni wa familia ya haradali, na utauhitaji kwenye ulinganisho unaofuata.

Inayofanana nayo

Mmea unaopotosha watu zaidi huko kwenu ni Cleome ya njano, ambayo sasa huitwa Peritoma lutea. Nayo ina petali nne za njano, stameni sita zinazotoka nje, na ganda linaloning'inia juu ya kikonyo cha pili. Kama umekula mgagani utaitambua mara moja kwa jani: ina vijani vitatu hadi vitano, mara chache zaidi, vilivyotandazwa kutoka kituo kimoja kama vidole vya mkono. Stanleya haina jani la vidole kamwe. Peritoma ni ya mwaka mmoja, haina kisiki, na ganda lake ni chumba kimoja bila utando wa kati. Hupenda mchanga na kingo za barabara.

Ua linalotajwa mara nyingi kwenye vitabu vya matembezi ni Erysimum capitatum. Hilo lina petali pana, za njano hadi rangi ya chungwa, zimekusanyika kichwa cha duara badala ya mkia mrefu. Maganda yake yamesimama wima, yana pembe nne, na hayana kikonyo cha pili. Vinyweleo vyake vimelala juu ya jani na vimegawanyika matawi mawili au matatu. Kwa kawaida hufa baada ya kuchanua, kwa hiyo kisiki chenye mabaki ya zamani usikitarajie.

Ipo pia Isatis tinctoria, iliyoletwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya rangi ya buluu ya nguo. Sikutarajii uichanganye ukiwa umesimama mbele yake, ila kwa mbali rangi inadanganya. Maua yake ni madogo mno, majani ya juu yanalikumbatia shina, na maganda ni bapa, meusi, yananing'inia kila moja likiwa na mbegu moja. Colorado inaihesabu magugu yanayopaswa kuangamizwa, hivyo ukiikuta itolee taarifa kwa ofisi ya magugu ya kaunti.

Ndugu wa Stanleya wenyewe ni wachache. Stanleya albescens iko huko huko kwenye Mancos, lakini maua yake ni meupe. Stanleya viridiflora, ya kaskazini zaidi, ina maua ya njano iliyopauka yenye ukijani, na majani ya shina yanalikumbatia shina. Ndiyo maana nilikutuma uangalie kikonyo cha jani.

Kwa nini yasipikwe

Seleni na salfa ni elementi zinazofanana sana kikemia. Mmea wa kawaida ukiota kwenye udongo wenye seleni huinyonya kwa njia zile zile za salfa, huiingiza kwenye protini mahali pa salfa, na protini zinaharibika. Stanleya pinnata huinyonya kwa wingi, lakini huibadilisha kuwa msombo wa kemikali usioingia kwenye protini, kisha huirundika kwenye majani na maua. Kwenye udongo wenye seleni, majani yake yanaweza kuwa na zaidi ya miligramu 1,000 za seleni kwa kila kilo ya majani makavu.

Tia hesabu hiyo kwenye sufuria. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 za seleni kwa siku, na kikomo cha juu kinachotumika Marekani ni mikrogramu 400. Kwa kiwango hicho cha miligramu 1,000 kwa kilo, gramu moja tu ya jani kavu ina mikrogramu 1,000, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Majani mabichi gramu 100, ambayo ni kidogo kwa mtu anayepika mboga, yakikauka hubaki kama gramu 10. Hizo ni mikrogramu 10,000, mara 25 ya kikomo cha siku. Tena mmea huu huhifadhi seleni zaidi kwenye majani machanga na sehemu za maua, yaani hasa kile ambacho mpishi angechuma. Anayekula seleni nyingi huanza na kichefuchefu na kuhara, na pumzi yenye harufu ya kitunguu saumu. Akiendelea kuila kwa wiki au miezi, nywele hunyonyoka na kucha hudhoofika hadi kuanguka.

Utasikia kwamba wenyeji wa asili wa jangwa waliila. Ni kweli. Wapanamint wa California waliyatupa majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, wakayatoa, wakayaosha kwa maji baridi na kuyakamua, wakarudia tena na tena. Lakini walijua vilima vyao, na walikuwa na sababu ya njaa. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza ukali na sehemu ya seleni, ila kiasi kinachobaki hakionekani, hakina ladha ya kukuonya, na kinabadilika kutoka kilima hadi kilima. Bila maabara huwezi kukijua. Ukiwa na sukuma wiki dukani kwa dola chache, sioni hoja ya kujaribu.

Harufu nayo isikupe uhakika. Jani la Stanleya likipondwa hutoa harufu kali ya kitunguu saumu au kabichi iliyooza, na sehemu ya harufu hiyo ni seleni inayopotea hewani. Lakini haradali zote hunuka zikipondwa. Tumia harufu kama nyongeza tu, na nawa mikono.

Kwa wanyama hali ni ile ile. Chakula chenye seleni zaidi ya miligramu 5 kwa kilo, kikiliwa kwa muda mrefu, kinatosha kuleta madhara. Farasi hupoteza manyoya ya shingo na mkia, na kwato hupasuka. Mifugo huru kwa kawaida huukwepa mmea huu; shida huja pale malisho mengine yanapokwisha au unapokatwa ukachanganyika na nyasi kavu. Katika miaka ya 1930 Orville Beath na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wyoming waliorodhesha mimea inayoonyesha udongo wa namna hii, ukiwemo huu na Astragalus bisulcatus, wa familia ya kunde, wenye maua ya zambarau, ambao mara nyingi huota jirani nao. Kama unafuga mbuzi au sungura, usiwachumie majani huko vilimani.

Hata hivyo usiuchukie. Seleni ni silaha yake: panzi na vidukari huukwepa kwa sababu hiyo. Wapo wadudu waliozoea. Nondo wa kabichi, Plutella xylostella, yule yule anayemaliza sukuma wiki na kabichi kwa wakulima wa Kenya na Tanzania, ana kundi lililopatikana Colorado likiishi juu ya Stanleya yenye seleni nyingi bila kudhurika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2006. Nyuki nao huyajaa maua haya mwezi wa sita, wakati vilima hivyo havina kingine cha kuwapa.

Picha za kuchukua, na kama unautaka nyumbani

Ukitaka mtu akuthibitishie, picha moja ya mkia wa njano haitoshi. Piga picha ya kisiki, ya jani la chini likiwa juu ya karatasi pamoja na rula, ya ua moja kwa upande ili stameni zionekane, na ya ganda lenye vikonyo vyake viwili. Ongeza picha ya mteremko wenyewe. Rudi mwezi wa saba kwa maganda, maana mwezi wa tano bado ni machanga.

Kuuhamisha kutoka kilimani ni kuuua. Mzizi wake mkuu unakwenda chini sana, nao ukikatwa haurudi. Panda mbegu, za kununua kwa wauzaji wa mimea ya asili ya magharibi. Zitie ardhini mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kina kisichozidi nusu sentimita, mahali penye jua siku nzima na pasipotuama maji, ili baridi ipite juu yake. Mwaka wa kwanza utaona majani tu. Maua tarajia mwaka wa pili au wa tatu. Kinachoiua miche mingi ya bustanini ni umwagiliaji wa kila siku pamoja na mbolea, kwa sababu mzizi unaoza. Ukishashika, usiumwagilie isipokuwa kiangazi kikiwa kikali.

Mmea huu huota vizuri hata pasipo seleni, na ukioteshwa kwenye udongo usio nayo huwa hauna cha kurundika. Lakini nyua nyingi za Grand Junction ziko juu ya Mancos hiyo hiyo, kwa hiyo chukulia kwamba wako unayo. Majani yanayoanguka huongeza seleni kwenye udongo wa juu kuuzunguka. Uweke mbali na tuta la mboga na banda la kuku, na ukiupogoa, mabaki yatie kwenye pipa la taka, si kwenye mboji.